Dhahabu ya Sofala na Mashimo ya Mfalme Sulemani

Katika mazungumzo haya twataka kutazama habari moja ambayo wengi wetu tumeijua tangu utoto, nayo ni ile ya mashimo ya Mfalme Sulemani. Kitabu chenye jina hilo kilitungwa kwa Kiingereza na Rider Haggard katika mwaka 1885, na Frederick Johnson akakifasiri kwa Kiswahili. Na tangu kilipopigwa chapa mwaka 1929 kimesomwa na wanafunzi wengi wa Afrika ya Mashariki. Aliyekisoma hasahau kile chumba cha hazina ndani ya mlima, wala lile jiwe kubwa linaloshuka na kuufunga mlango. Ni hadithi tamu, nasi hatuna neno nayo. Ila mtungaji hakuitoa yote kichwani mwake. Wakati ule palikuwa na uvumi mkubwa katika Afrika ya Kusini, ya kwamba katika bara iliyo nyuma ya Sofala yako machimbo ya dhahabu yaliyopotea, na magofu ya mawe yaliyoonekana huko ni kazi ya watu wa Sulemani, au ya Malkia wa Sheba, au ya Wafoinike. Lakini si ya wenyeji. Uvumi huo ndio tutakaoupima. Wako watu waliokufa kwa ajili yake, na kwa muda wa karibu miaka mia moja taifa zima liliambiwa kwamba majumba ya babu zake si yake.

Yatupasa kuanza na Maandiko yenyewe, kwa kuwa wengi husema, "Imeandikwa." Tuone basi kilichoandikwa. Kitabu cha kwanza cha Wafalme chasema ya kwamba Sulemani aliunda merikebu huko Esion-geberi, kando ya Bahari ya Shamu, na Hiramu mfalme wa Tiro akampa mabaharia wajuzi; wakaenda Ofiri, wakaleta talanta 420 za dhahabu. Mbele kidogo twasoma ya kuwa merikebu za mfalme zilirudi mara moja katika kila miaka mitatu, na shehena yake ilikuwa dhahabu na fedha, pembe, nyani na tausi. Ni hayo tu. Msomaji na achukue kitabu atafute mwenyewe: hataona mahali popote paliposemwa kwamba Sulemani alikuwa na mashimo ya dhahabu. Dhahabu ililetwa kutoka Ofiri. Nani aliichimba, hatuambiwi. Na huyo tausi ni shahidi wa kuwatia shaka wale wanaotaka Ofiri iwe kwetu, maana tausi tumjuaye ni ndege wa Bara Hindi.

Sasa, Sofala iliingiaje katika habari hii? Iliingia kwa mambo mawili. La kwanza ni sauti ya jina. Wafasiri wa kale waliogeuza Maandiko katika Kiyunani waliliandika jina la Ofiri kwa namna nyingine, wakatia sauti ya s mwanzoni. Basi mtu aliyesikia Sofiri, kisha akasikia Sofala, aliona kwamba hapana haja ya kutafuta zaidi. Walakini Sofala ni neno la Kiarabu lenye maana ya mahali pa chini, nalo lafaa sana kwa pwani ile ya fungu na mchanga. Jambo la pili ni zito zaidi, nalo ni kwamba dhahabu ya Sofala ilikuwako kweli.

Masudi, msafiri wa Baghdad aliyepita katika bahari yetu yapata mwaka 916, aliandika kwamba nchi ya Sofala ina dhahabu nyingi. Ibn Batuta alifika Kilwa mwaka 1331, wakati wa Sultani al-Hasan bin Sulaiman, akaambiwa na wafanya biashara kwamba Sofala ni mwendo wa nusu mwezi kutoka Kilwa, na dhahabu ya unga huletwa Sofala kutoka nchi iitwayo Yufi, mwendo wa mwezi mzima barani. Na jinsi Kilwa ilivyoipata biashara hiyo yasimuliwa katika habari za wafalme wa Kilwa, zilizoandikwa na Mreno João de Barros katika karne ya 16. Yasemwa ya kuwa watu wa Mogadishu ndio waliotangulia kuijua Sofala, nao walificha siri yao. Siku moja mtu wa Kilwa alikuwa akivua katika chombo chake nje ya mlango wa bandari, akanasa samaki mkubwa asiyekubali kuvutwa. Mvuvi hakutaka kumwachilia. Samaki akamvuta mpaka bahari kuu, na huko mkondo na upepo vikamshika vikampeleka kusini siku nyingi, hata akatupwa Sofala karibu kufa kwa njaa na kiu. Akakuta chombo cha Mogadishu kikinunua dhahabu. Aliporudi kwao alimpasha mfalme habari, na tangu hapo Kilwa ikatia mkono wake.

Kama yule samaki aliogelea kweli au alizaliwa barazani, sisi hatuamui. Wavuvi ni watu wenye ruhusa yao. Lakini mambo yaliyofuata yaonekana kwa macho hata leo. Palepale Kilwa Kisiwani yako magofu ya Husuni Kubwa, jumba lenye vyumba zaidi ya mia moja, na birika la kuogea la pembe nane linaloelekea bahari. Jumba kama hilo halijengwi kwa mapato ya mtama na samaki. Lilijengwa kwa ushuru wa dhahabu ya Sofala.

Wareno walipoingia katika bahari hii walikuwa tayari wamejaa habari za Ofiri vichwani. Katika mwaka 1505 waliiteka Kilwa, na mwaka uleule wakajenga ngome Sofala kwa ruhusa ya Shehe Yusufu, mzee kipofu, ambaye mwaka uliofuata waliugombana naye wakamwua. Wakakaa wakingoja dhahabu imiminike. Haikumiminika. Wafanya biashara Waislamu walizigeuza njia zao, wakapita mto Zambezi na bandari nyingine, na Wareno wakabaki na ngome tupu na homa. Ndipo wakaanza kusema kwamba machimbo makubwa yamefichwa. Na hivi ndivyo desturi ya mambo haya yote: mtu akikosa mali aliyoitumaini, ni rahisi kwake kuamini kwamba imefichwa kuliko kuamini kwamba ni kidogo.

Katika mwaka 1569 mfalme wa Ureno alimtuma Francisco Barreto pamoja na jeshi kwenda kuyashika machimbo ya Mwene Mutapa. Walipofika Sena, katika Zambezi, farasi wakaanza kufa na watu wakafuata. Leo twajua kwamba mbung'o ndiye aliyewaua farasi, na homa za mbu ndizo zilizowaua watu. Wao walisema ni sumu ya Waislamu wa Sena. Wakawakamata, wakawaua kwa mateso makali. Watu hao walikuwa ni wafanya biashara waliokaa miaka mingi pale mtoni, nao hawakuwa na kosa lolote ila kujua njia. Barreto mwenyewe alifariki mwaka 1573 bila kuyaona machimbo. Aliyeshika mahali pake, Vasco Fernandes Homem, alifika mwisho katika nchi ya Manyika. Aliona nini? Aliona watu wakichimba ardhini na kuosha mchanga kwa taabu nyingi, ili kupata dhahabu kidogo. Kisha akaenda Chicova kutafuta fedha. Padre João dos Santos, aliyeishi katika nchi hizo baada ya miaka michache, asimulia kwamba mwenyeji mmoja alizika mabonge machache ya mawe ya fedha, akawaonyesha Wareno mahali, akapewa zawadi, na usiku akatoweka. Wareno wakachimba wakapata yale aliyoyazika, wakashangilia, wakaendelea kuchimba, wala hawakupata jingine. Askari walioachwa pale kulinda machimbo hayo ya uongo waliuawa na wenyeji. Na uvumi wa fedha ya Chicova haukufa pamoja nao.

Habari hiyo ilifika mbali. Milton, mshairi Mwingereza, katika utenzi wake mkubwa wa mwaka 1667, azitaja Mombasa, Kilwa, Malindi na Sofala, na kwa Sofala aongeza kwamba wako wanaoidhani kuwa ndiyo Ofiri. Mshairi huyo hakupata kuiona Afrika, na wakati huo alikuwa kipofu.

Tuje sasa kwenye magofu. Katika nchi ambayo leo ni Zimbabwe, karibu na mji wa Masvingo, pana kilima cha mawe na bonde, na humo mna kuta kubwa kuliko zote za kale zilizomo kusini mwa Afrika. Ukuta wa nje wa boma la bondeni una urefu wa futi 800 hivi ukiuzunguka, na mahali pengine umepanda zaidi ya futi 30, nao haukutiwa chokaa wala udongo; jiwe limekaa juu ya jiwe. Washona huita majengo ya namna hiyo *dzimba dza mabwe*. Mswahili hahitaji mkalimani sana hapo, maana *mabwe* ni mawe, na neno zima ni nyumba za mawe. Ajabu ni kwamba wageni waliolitaja jina hilo kila siku hawakusimama kujiuliza ni lugha ya nani.

Mjerumani Carl Mauch alifika pale mwezi wa Septemba 1871. Alikata kibanzi katika mti uliowekwa juu ya mlango, akaunusa, akaufananisha na mti wa penseli yake. Penseli yake ilikuwa ya mwerezi. Basi, akasema, mti huu ni mwerezi. Mwerezi hutoka Lebanoni. Aliyeuleta Lebanoni ni Mfoinike. Na aliyejenga ni Malkia wa Sheba, akiiga jumba la Sulemani la Yerusalemu. Hivyo ndivyo ngazi nzima ilivyosimamishwa juu ya harufu ya penseli. Mti wenyewe ulikuwa tamboti, unaoota katika nchi ileile.

Tusimcheke Mauch peke yake. Baada yake walikuja watu wenye faida katika jambo hili. Mwaka 1890 kampuni ya Cecil Rhodes iliingiza kikosi chake katika nchi ya Washona, na kila askari aliahidiwa ekari 3,000 za shamba na vipande 15 vya ardhi ya kuchimba dhahabu. Kwa watu kama hao ilikuwa faraja kubwa kuambiwa kwamba zamani za kale nchi hii ilikuwa ya taifa la weupe, na kwamba wao wairudia tu. Katika mwaka 1891 Theodore Bent alitumwa kuyachunguza magofu, akaandika kwamba si kazi ya Waafrika. Mwaka 1895 ikaundwa kampuni maalumu ya kutafuta hazina katika magofu mengine ya nchi. Walifukua makaburi, wakatoa shanga na bangili za dhahabu, na nyingi wakaziyeyusha zikauzwa kwa uzani. Hasara hiyo hairudishiki kamwe. Kisha katika mwaka 1902 Richard Hall akawekwa kuwa mlinzi wa Zimbabwe Kuu. Mlinzi huyu alizoa tabaka za udongo zilizokuwa ndani ya kuta akazitupa nje, akisema ni takataka za wenyeji waliokuja nyuma. Zile takataka ndizo zilizokuwa habari za jumba.

Labda mtu atauliza, udongo wawezaje kuwa na habari? Twaa mfano huu. Ukibomoa nyumba ya zamani, na chini kabisa ya msingi wake, mahali ambapo hakuna aliyepata kupagusa, ukaokota shilingi ya mwaka 1922, wajua kwa yakini kwamba nyumba ile haikujengwa kabla ya mwaka huo. Shilingi iliyoangushwa sakafuni haikuambii hivyo, kwa kuwa yaweza kuwa imeangushwa jana. Kwa hiyo mchimbuzi mwangalifu hutazama si kitu tu, bali na mahali kilipolala: juu ya nini, na chini ya nini. Ukizoa udongo wote ukaumwaga nje, vitu vyaweza kubaki, ila ushuhuda wao umekwisha.

Hivyo ndivyo David Randall-MacIver alivyofanya mwaka 1905. Alichimba chini ya sakafu na kuta ambazo hazijaguswa, akakuta vigae vya vyungu vya namna ileile iliyofinyangwa na wenyeji, na pamoja navyo vipande vya sahani za Uchina na za Uajemi za karne ya 14 na ya 15. Akasema: majengo haya ni ya Waafrika, na ni ya zamani za kati, si ya zamani za Sulemani. Maneno yake yaliwasha moto. Hall akajibu kwa kitabu kizima mwaka 1909. Na kwa haki tuseme kwamba Hall hakuwa bila hoja: aliuliza, ikiwa wenyeji ndio waliojenga, mbona sasa hawajengi hivyo? Ni swali la maana. Lakini lingeweza kuulizwa Kilwa pia, au hata Roma. Miji huinuka biashara ikiwako, na biashara ikihama mafundi hutawanyika.

Ugomvi ukaendelea hata mwaka 1929, alipotumwa Gertrude Caton-Thompson, bibi Mwingereza mwenye sifa ya kuchimba Misri. Alifuatana na mabibi wengine wawili, mmojawapo Kathleen Kenyon, ambaye baadaye alipata jina kubwa kwa kuchimba Yeriko. Alichagua gofu ambalo watafuta hazina hawakulifikia. Tena alichimba njia chini ya ule mnara wa mviringo ulio ndani ya boma kubwa. Mnara huo ulikuwa umewasumbua wengi; wengine walidhani ndani yake mna chumba cha hazina, wakang'oa mawe ili waingie. Mnara umejaa mawe matupu mpaka katikati, na chini yake hamna chumba. Bibi huyo alisema mbele ya mkutano wa wataalamu katika Afrika ya Kusini kwamba hakuona kitu hata kimoja kisichokubaliana na kazi ya Waafrika wa zamani za kati.

Baadaye wataalamu walipata njia ya kupima umri wa mti kwa kaboni iliyomo ndani yake. Vipande vya kwanza vya tamboti kutoka ukutani vilileta tarehe za karne ya 6 na ya 7, na wafuasi wa Hall wakapata moyo, ingawa hata karne hizo ni miaka zaidi ya 1,500 baada ya Sulemani. Kisha ikafahamika kwamba tamboti ni mti wa kuishi sana na wa kudumu, na kiini chake chaweza kuwa cha kale kuliko ukuta uliomo. Vipimo vilivyofuata vimeuweka ujenzi wa kuta katika karne za 12 hadi 15, na hivyo ndivyo ilivyo. Walakini siasa haikusadiki vipimo. Serikali ya walowezi iliyojitangazia uhuru mwaka 1965 haikupenda watu waambiwe wazi kwamba Waafrika ndio waliojenga, na Peter Garlake, mkaguzi wa majengo ya kale aliyeshikilia ukweli, aliiacha nchi mwaka 1970. Nchi ilipopata uhuru mwaka 1980 ilichukua jina la magofu yenyewe.

Na yale mashimo je? Hili ndilo linalotushangaza kuliko yote. Mashimo hayakupotea. Wachimbaji wa Kizungu wa miaka ya 1890 walipokwenda kuweka vigingi vyao, walifuata mashimo ya zamani ya wenyeji yaliyotapakaa nchini, na machimbo mengi yao yaliwekwa juu ya kazi za watu wale wale waliosemwa kuwa hawajui kitu. Ni mashimo membamba, yaliyochimbwa kwa kufuata mshipa wa dhahabu katika mwamba. Mwamba mgumu ulichomwa kwa moto kisha ukamwagiwa maji ili upasuke. Mawe yakapondwa, unga ukaoshwa. Ndani ya mengine imeonekana mifupa ya watu walioangukiwa na udongo, na mingi yao ni ya wanawake na vijana, ambao miili yao midogo iliweza kupita. Maji yalipotokea chini, shimo liliachwa, kwa kuwa hapakuwa na njia ya kuyavuta. Hakuna chumba chenye makasha ya almasi. Kuna mama aliyeshuka kwa kamba na kikapu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 iliokotwa katika Zimbabwe Kuu sarafu ndogo ya shaba yenye jina la al-Hasan bin Sulaiman wa Kilwa, yule yule aliyempokea Ibn Batuta. Hapo mwendo wote waonekana: shimo, njia ya mwezi mmoja, Sofala, jahazi, Husuni Kubwa. Huyo Sulaiman ndiye pekee ambaye jina lake limeonekana pale, naye ni baba yake Sultani wetu.

Lakini sisi wa pwani tusijione bora. Ukiuliza katika vijiji vyetu nani aliyejenga msikiti ulioanguka, mara nyingi utaambiwa ni Wadebuli, au watu wengine waliokuja na kuondoka. Na chini ya misingi hiyo wachimbuzi wamekuta vyungu vya wenyeji wa pwani, mamia ya miaka kabla ya ukuta wa mawe. Tena zile bakuli za Uchina zilizotiwa makaburini na katika vibla vya misikiti, nyingi zimeng'olewa kwa patasi, na makaburi yamefukuliwa na watu waliosikia kwamba chini mna dhahabu. Huko nako ushuhuda umemwagwa nje pamoja na udongo.

Imebaki Ofiri yenyewe. Wengine huitafuta Arabuni, wengine Bara Hindi, wengine katika pwani ya Wasomali, na kila mmoja ana hoja yake; sisi twaona Arabuni ina haki zaidi, kwa kuwa ni karibu na Esion-geberi, na dhahabu imechimbwa huko tangu kale. Kwamba palikuwa na mahali pa jina hilo hapana shaka. Mwaka 1946 kiliokotwa Tell Qasile, katika mji wa Tel Aviv, kigae cha chungu kilichoandikwa yapata miaka 200 baada ya Sulemani. Kimetaja dhahabu ya Ofiri, shekeli 30, ya kupelekwa Beth-horoni. Karani aliyekiandika aliandika uzani na mahali inapokwenda. Inakotoka hakuona haja ya kueleza, kwa kuwa wakati wake kila mtu alikujua.